Sema kwa Sauti

Kikombe cha bati kiligonga mlango kwa kishindo, kikabingirika sakafuni, na Bi Foronya akashtuka mpaka kidole chake kikabonyeza kitufe chekundu. Simu ikakatika. Yule bwana wa ofisini alikuwa bado anaongea.

"Umempa nini?" dada yake alifoka kutoka chumbani. "Nakuuliza wewe! Umempa nini huyo mtu?"

"Naongea na watu wa serikali, Dada, halafu wewe unanirushia vyombo?"

"Kitanda nacho ningekirusha, ila nimekilalia. Fungua mlango!"

Bi Foronya alikuwa uani, mapovu yamempanda mpaka kwenye viwiko, makarai mawili ya mashuka ya nyumba ya wageni yako mbele yake. Mlango wa chumba alikuwa ameufunga mwenyewe. Yule bwana ndiye aliyemwomba: "Mama yangu, mazungumzo haya ni ya siri, tafadhali kaa mahali ambapo hakuna mtu." Naye, kwa heshima zote, akamfungia dada yake ndani kana kwamba ni kuku, akasimama juani na kujibu kila alichoulizwa.

Jina la Bi Foronya alipewa na watoto wa mtaa, kwa sababu foronya zake zilijaa kwenye kamba toka ukuta huu mpaka ule, na mtu aliyetaka kupita ilimbidi ainame. Hakulikataa. Alikuwa amewafulia wageni wa kila tabia, na hakuna doa ambalo hakulijua lilikotoka, ingawa mengine asingependa kuyajua.

Alifungua mlango. Dada Mkubwa alikuwa ameegemea ukuta pale kitandani, macho yamemtoka. Zamani alikuwa mpimaji wa mizani kwenye ghala la saruji, mwanamke aliyegombana na madereva wa malori na kuwashinda, mpaka siku rundo la mifuko lilipoporomoka na kumvunja uti wa mgongo. Miguu ilikufa. Ulimi ulibaki na nguvu zake zote, na pengine ulirithi na zile za miguu.

"Ameuliza namba ya kitambulisho changu," Bi Foronya alisema. "Ni kuhakiki tu. Asiyehakikiwa leo ruzuku inasimama."

"Ukampa?"

"Nimempa."

Dada Mkubwa alifumba macho. Ruzuku ile ilikuwa yake yeye, si ya mdogo wake. Serikali iliwapa watu waliolemaa kiasi kidogo kila mwezi, na kiasi hicho kilikwenda moja kwa moja kwenye vidonge vya kulegeza misuli. Bila vidonge hivyo, miguu yake ambayo haikuweza hata kumfukuza nzi ilikaza ghafla na kujikunja yenyewe, na maumivu yakapanda mgongoni mpaka akauma mto. Dawa iliwahi kukosekana mwezi mmoja. Hakuna kati yao aliyependa kuukumbuka mwezi ule.

"Kitambulisho chako ndicho kilichofungua akaunti yangu," Dada Mkubwa alisema polepole. "Wewe ndiye msimamizi. Sasa namba anayo. Alitaka nini tena?"

Simu ikalia mlio mfupi. Ujumbe ulikuwa umeingia. Bi Foronya alifuta mkono kwenye gauni, akaisogeza simu mbali na macho, akasoma taratibu. Zilikuwa tarakimu zilizopangwa mstari mmoja, na chini yake maneno haya: Usimpe mtu yeyote namba hii.

"Hii," alisema. "Alisema itakuja namba, nimsomee."

"Na hapo chini imeandikwa nini?"

"Nisimpe mtu yeyote. Lakini alishanieleza, Dada. Alisema mtu yeyote maana yake ni watu wa nje. Wao ndio wenye namba."

"Na mwizi naye ni mtu wa ndani?" Dada Mkubwa alipiga godoro ngumi. "Serikali haijawahi kunipigia hata kuniuliza kama bado napumua. Leo imekumbuka kukuita 'mama yangu'? Mlango umeufunga, masikio yangu hukuyafunga. Nimekuita mpaka koo limekauka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni mimi, na guu limeshavunjika. Wewe utavunja nini?"

Siku nyingine wangecheka. Bi Foronya aliketi ukingoni mwa kitanda, mapovu yakimchuruzika.

"Alilitaja jina la mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kabla mimi sijasema. Na alijua kuhusu vidole."

"Vidole gani?"

"Vyangu. Alisema, 'Mama yangu, najua vidole vyako havisomeki kwenye mashine, ndiyo maana tumekupigia badala ya kukusumbua uje.' Nani mwingine anajua hilo? Hata wewe sikukuambia."

Alivinyoosha dada yake avione. Sabuni, magadi na dawa ya madoa vilikuwa vimekula ncha za vidole vile mpaka zikawa laini na kung'aa, bila mstari hata mmoja. Siku ya kujiandikisha, mashine ya ofisi ya ruzuku ilivikataa vyote kumi. Karani alivifuta kwa kitambaa akidhani ni uchafu, akajaribu tena, kisha akampeleka kwa wenzake. "Wasiosomeka, dirisha la mwisho!" Ndivyo walivyoitwa, mbele za watu. Aliporudi nyumbani alisema mambo yamekwenda vizuri. Kuna aibu ambazo mtu huzificha hata kwa ndugu wa tumbo moja, na hiyo ilikuwa yake: kuchapa kazi maisha mazima, halafu mashine ikasema haikujui. Sasa mwizi alikuwa ameishika aibu ile kwenye mpini.

"Dirisha hilo la mwisho," Dada Mkubwa aliuliza, ukali umepungua kidogo, "wanakutambuaje bila kidole?"

"Kadi ya kitambulisho unaipitisha chini ya kioo. Halafu unataja. Namba ya simu, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama. Kioo ni kinene na kitundu ni kidogo, kwa hiyo karani anakuambia sema kwa sauti."

"Na nyuma yako kuna nini?"

Nyuma ya Bi Foronya kulikuwa na mabenchi. Mabenchi yalijaa watu, na hakuna aliyewahi kuwauliza wamefuata nini.

"Basi amekaa pale akasikiliza," Dada Mkubwa alisema. "Simu yako, mwaka wako, mama yetu, vyote umemtangazia mwenyewe. Namba ya kadi peke yake ndiyo ilimshinda, akaja kukuomba kwa adabu. Hii iliyoingia sasa ndiyo mlango wa mwisho. Hujamsomea?"

"Ulirusha kikombe."

"Basi ondoka. Nenda wakaifunge akaunti kabla hajapata njia nyingine. Unangoja nini, maji yachemke?"

Bi Foronya aliyaacha mashuka majini, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akatoka na gauni lililolowa kifuani. Watu husema hasira hasara. Siku ile hasira ilikuwa nauli, maana ndiyo iliyomfikisha. Alitembea mbio mbio akipishana na wauza viazi na mafundi baiskeli bila kumjibu yeyote salamu, na njiani simu ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Namba ilikuwa ile ile. Aliiacha iite.

Kilichomchoma si uongo. Uongo aliuzoea, wageni wa nyumba za kulala hudanganya hata kuhusu majina yao. Kilichomchoma ni kwamba yule mtu alimuuliza habari za kazi. Alimuuliza mgonjwa anaendeleaje, anakula vizuri, analala? Yalikuwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Na yeye, ambaye hakumbuki mara ya mwisho mtu kumuuliza habari za mgonjwa na akasubiri jibu, alifurahi. Alijibu kwa kirefu. Aliposema dada halali vizuri, yule mtu aliguna kwa huruma, na mguno ule ndio uliomfanya aitoe kadi na kumsomea namba. Alipoufikiria sasa alitamani kumshika mtu shati na kumsugua kwenye jiwe.

Ofisini foleni ya wasiosomeka ilikuwa imejikunja mara mbili. Palikuwa na wapasua kokoto, wafua nguo, wachoma matofali, na wazee ambao ngozi yao imekuwa nyembamba kwa umri. Wote walikuwa watu wa kazi za mikono, wamepangwa ukutani mithili ya watoto watoro. Bi Foronya alisubiri zamu yake akiwatazama waliokaa kwenye mabenchi, mmoja baada ya mwingine. Kijana mwenye kofia. Mwanamke mwenye mkoba mkubwa. Mwanamume aliyekuwa akichezea simu na hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Yeyote angeweza kuwa yeye. Pengine hakuna aliyekuwa yeye. Hilo nalo lilimtia hasira, kwamba amefikishwa mahali pa kumshuku kila mtu mwenye masikio.

Nyuma ya kioo alikaa karani kijana, kola yake imepigwa pasi na mtu anayeijua kazi.

"Shida yako, mama?"

"Nataka akaunti ifungwe. Kuna mwizi yuko njiani kuiingia."

"Kadi." Aliipokea chini ya kioo. "Weka kidole."

"Mimi ni wa dirisha hili, mwanangu. Havisomeki."

"Haya. Taja namba ya simu, mwaka wa kuzaliwa na jina la mama. Sema kwa sauti."

Bi Foronya aliinamia kitundu, kisha akainuka.

"Sitaji."

"Mama, kuna watu nyuma yako."

"Ndiyo sababu sitaji."

Karani aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Sasa nitakusaidiaje? Huo ndio utaratibu. Kama hutaki, pisha anayefuata."

"Fungua mlango huo mdogo, utoke, nikwambie sikioni."

"Haturuhusiwi kutoka."

"Na mimi naruhusiwa kuibiwa?"

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Mwanamke mmoja alisema wengine wametoka mbali. Mwingine akasema mama huyu ana lake jambo, kama hana kazi wao wanazo. Bi Foronya aligeuka. Hakuwahi kuhutubia watu maishani mwake. Hata kwenye kikao cha wapangaji alikuwa akisema anaunga mkono na kukaa. Sasa mikono yake ilikuwa kiunoni, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya dada yake.

"Nina kazi! Nimeacha mashuka majini yanaoza! Mnaniona mkaidi? Siku niliyokuja hapa niliambiwa niseme kwa sauti, nikasema. Leo mtu amenipigia, amenitajia vidole vyangu, amenitajia mpaka jina la mama yangu mzazi. Ameyapata wapi? Ameyapata hapa hapa mliposimama. Na ninyi mnasubiri zamu yenu ya kumpa ya kwenu!"

Kisha mwashi mmoja mzee, aliyekuwa wa pili nyuma yake na vidole vyake vimeliwa na saruji, akakohoa.

"Mimi alinipigia wiki iliyopita," alisema. "Akalitaja jina la mama yangu. Mama alifariki mimi sijaota meno. Mtaani hakuna anayemjua. Nikasema huyu kweli ni mtu wa serikali, vinginevyo angelijuaje?"

"Ukampa?"

Mzee alitazama viatu vyake. "Ndiyo nimekuja kuuliza kwa nini mwezi huu hakuna kitu."

Hapo hapo simu ya Bi Foronya ikaita mfukoni mwa gauni lake lililolowa. Aliitoa, akaitazama, akaibandika kwenye kioo karani aione. Kisha akabonyeza kile kitufe cha sauti kubwa ambacho dada yake alikitumia kusikiliza matangazo ya vifo.

"Mama yangu!" sauti ilijaa ukumbi, tamu, yenye wasiwasi wa mtoto mwema. "Nimekupigia sana. Mtandao ulitukata. Hujambo?"

Mwashi alimshika mwenzake mkono. "Ndiye," alinong'ona. "Ndiye huyo!"

Bi Foronya aliweka kidole mdomoni. "Sijambo, mwanangu. Nilikuwa na mapovu."

"Pole na kazi, mama yangu. Ile namba imefika?"

"Imefika. Ngoja nikaushe mikono, nitafute na miwani."

Alimtazama karani, akamwonyesha mlango mdogo kwa kidevu. Karani aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia watu waliokuwa wakimtazama yeye. Akasimama. Kitasa cha mlango ule kilikuwa kimekaa bila kuguswa muda mrefu, kikamgomea kwanza. Alitoka, akainama, akatega sikio. Bi Foronya aliifunika simu kwa kiganja na kumnong'oneza namba ya simu, mwaka wa kuzaliwa na jina la mama. Karani alirudi ndani haraka na kuanza kupiga vitufe.

"Mama yangu, bado upo?"

"Nipo, baba. Uzee huu, miwani sijui nimeiweka wapi. Na wewe hujambo? Kazi zinaendaje?"

"Nzuri, mama, ila muda unatubana kidogo. Mfumo utajifunga."

"Acha ujifunge, utafunguliwa. Mama yako mzazi anaendeleaje?"

"Hajambo."

"Analala vizuri?"

"Analala."

"Mshukuru Mungu. Mwambie kuna mwenzake huku halali."

Nyuma ya kioo karani aliinua dole gumba.

"Nimeipata miwani. Unaandika?"

"Naandika, mama yangu, soma taratibu."

"Imeandikwa hivi: usimpe mtu yeyote namba hii. Na wewe ndiye mtu yeyote."

Ilichukua muda ule utamu kuisha. Ulipoisha ulikwisha wote. "Bibi kizee mchafu wewe," sauti ilisema, ya mtu mwingine kabisa, nzito na ya kuchoka, na simu ikakatika.

Kijana mwenye kofia alipiga makofi mara mbili, akaona yuko peke yake, akaacha. Bi Foronya aliirudisha simu mfukoni. Mchafu! Yeye aliyewafulia watu damu zao, matapishi yao na dhambi zao, akazianika juani zikarudi nyeupe. Angekuwa na huyo mtu mbele yake asingempiga. Angemvua shati alifue, halafu amrudishie kwa aibu yake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyojisemea, ingawa ukweli ni kwamba angempiga kwanza.

"Imefungwa, mama," karani alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hatoi kitu hata akipata namba zote duniani. Ukaripoti na polisi."

"Asante, mwanangu. Na sisi tutatoa lini?"

Karani alijikuna shingo. "Ikifungwa hivi, inafunguliwa kwa kidole tu. Hakuna simu wala namba. Kidole cha msimamizi."

"Si umeviona vidole vyangu?"

"Wanasema ukiipumzisha mikono, mistari hurudi. Mwezi, mwezi na nusu. Usishike maji, usishike sabuni."

Bi Foronya alicheka kicheko kibaya. "Yaani mwizi kuifungua alihitaji simu tu. Mimi kuifungua nahitaji ngozi mpya. Na huo mwezi na nusu nisipofua tunakula nini? Kidole?"

Karani alimrudishia kadi kwa mikono miwili. Bi Foronya aliichukua na kuelekea mlangoni, na nyuma yake akasikia, "Anayefuata! Namba ya simu, sema kwa…" Karani hakumaliza. Mwashi mzee alikuwa amesimama mbele ya kitundu, mikono ameikunja kifuani, midomo ameibana. Nyuma yake foleni nzima ilikuwa kimya. Kama mlango mdogo ulifunguliwa tena, Bi Foronya hakusubiri kuona.

Nyumbani alipindua makarai kwa hasira, akayamwaga maji yaliyokwisha kunuka, akaanza upya. Alisimulia huku akisugua, mlango ukiwa wazi, na Dada Mkubwa alisikiliza kutoka kitandani bila kumkatiza, jambo geni. Kwenye kopo kando ya mto vilibaki vidonge vichache tu, vya kutikisika.

"Kidole cha msimamizi," Dada Mkubwa alirudia mwishowe. "Na cha mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye ruzuku. Mwenye miguu iliyokufa. Mimi hapa!"

Bi Foronya aliacha kusugua. Dada Mkubwa alikuwa ameinua mikono yake yote miwili kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa mikono minene, laini, iliyokaa miaka bila kushika kitu kizito kuliko kikombe cha bati. Mistari ya vidole ilionekana hata kutoka uani.

"Sikufikiria," Bi Foronya alisema.

"Hukuuliza. Na wao hawakuuliza. Walikuja wakasimama hapo ulipo, wakakwambia, 'Anatembea?' Ukasema hatembei. Wakaandika msimamizi, wakaondoka. Mimi nimekaa hapa hapa! Mnaniongelea kana kwamba ni kabati mnalotaka kulihamisha. Mwizi naye amefanya hivyo hivyo, kakuuliza wewe hali yangu. Na leo, siku ninayopiga kelele kuokoa changu mwenyewe, umenifungia mlango."

"Nilitaka kukupunguzia, Dada. Taabu, foleni, watu kukutazama."

"Umenipunguzia mpaka nimekwisha."

Bi Foronya alilia hapo, akiwa amechutama, kilio cha hasira kisicho na kwikwi. Hakujua anamkasirikia nani sasa. Yule mtu, ofisi, au mwanamke aliyeufunga ule mlango. Dada Mkubwa alimwacha alie. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na jambo hili alitaka liingie.

"Kesho unanipeleka," alisema baadaye.

"Kule kuna ngazi, Dada."

"Nimesema unipeleke. Sijasema unibebe."

Asubuhi alimpakia kwenye mkokoteni wa mashuka, juu ya matandiko yaliyokunjwa, mgongo umeegemezwa kwa foronya zilizojazwa nguo. Mtaa mzima ulitoka. Muuza viazi alishangaa, akasema alidhani alishazikwa. "Nilizikwa," Dada Mkubwa alimjibu, "sema walisahau kunifukia." Njia nzima aliona mambo na kuyatolea hukumu: ukuta huu umepinda, duka lile lilikuwa la nani, nani kaipaka nyumba ile rangi ya homa. Bi Foronya alisukuma, jasho likimwingia machoni, na hakumbuki kama aliwahi kumchukia na kumpenda mtu kwa wakati mmoja kiasi kile.

Ngazi zilikuwa pale pale, pana, za saruji, bila njia ya pembeni. Mlinzi alikuja mbio na mwanamume mwingine, wamekunja mikono ya mashati.

"Tunamwinua, mama, dakika moja."

"Asiniguse mtu," Dada Mkubwa alisema. "Mara ya mwisho kubebwa na wanaume nilikuwa natoka chini ya mifuko ya saruji. Leo sijaangukiwa na kitu. Nimekuja kuandikisha kidole changu mwenyewe. Leteni mashine."

"Mashine haitoki nje, mama."

"Na mimi siingii ndani. Mwiteni mwenye nayo."

Alikuja yule karani wa dirisha la mwisho, kola yake ikiwa safi kama jana. Alimtambua Bi Foronya. Alimtazama mwanamke aliyeketi juu ya mashuka, dole gumba limenyooshwa mbele, na hakuuliza maswali. Alirudi ndani. Waliokuwa kwenye mabenchi walianza kutoka mmoja mmoja na kujaa mlangoni, mwashi akiwa mbele yao.

Karani alitokea tena amekumbatia mashine kwa mikono miwili, waya ukimfuata nyuma. Alivuka kizingiti. Alifika kwenye ngazi ya juu kabisa, na waya ukakaza. Aliuvuta kidogo, kisha kidogo tena. Haukutoka zaidi.

"Mama," alisema kutoka juu, "waya umeishia hapa."

"Naona," Dada Mkubwa alisema.

Jua lilikuwa linapanda. Bi Foronya alishikilia mikono ya mkokoteni usirudi nyuma. Karani alisimama na mashine yake, akamtazama mlinzi, akautazama waya, akawatazama watu waliomzunguka. Ndani ya ofisi mtu alisikika akiburuta meza kuelekea mlangoni. Dada Mkubwa hakukishusha kidole.